Ruta ya nyumbani Tanga: OpenWrt au OPNsense?

Mdogo wangu anayekaa Raskazone amepata kompyuta ya mezani iliyoondolewa ofisini. Anataka kuigeuza ukuta wa moto, yaani mlinzi wa mtandao wa nyumba nzima, kwa OPNsense. Ameniuliza: afanye hivyo, au aiwekee ruta yake ndogo OpenWrt, mfumo unaochukua nafasi ya ule wa kiwandani? Zote mbili ni programu huria na hazilipiwi. Gharama zinakuja baadaye, kwenye kuziendesha.

Hoja yake ina uzito. OPNsense, iliyochipuka kutoka pfSense, programu nyingine ya ukuta wa moto, mwaka 2015, hutoa toleo kubwa Januari na Julai kila mwaka, na kusasisha ni suala la kubofya. Unaona kila kifaa kinawasiliana na nani, na ukitaka unaongeza Suricata, programu ya kunusa mashambulizi, ikague kinachopita. Ingekuwa shule au ofisi, ningemwambia aanze leo.

Ila hapa ni nyumbani, na umeme ni wa LUKU, unaolipiwa kabla ya kutumika. Kompyuta ya namna ile ikila wati 50 usiku na mchana, mwezi ukiisha imemaliza uniti 36. Mteja wa matumizi madogo hubaki kwenye bei nafuu asipovuka uniti 75 kwa mwezi. Mashine moja tayari imechukua karibu nusu. Tena itahitaji kadi ya pili ya mtandao, na Wi-Fi itaendelea kutoka kwenye ruta ileile, kwa hiyo vyote viwili vitawaka. Sijataja hewa ya chumvi ya baharini inavyotafuna feni na bodi.

Ruta ndogo peke yake kwa kawaida haifiki wati 10, na betri ndogo huibakiza hewani umeme ukikatika. Hata ikizimika ghafla, mfumo wa msingi wa OpenWrt umekaa sehemu isiyoandikwa juu yake, hivyo kwa kawaida huwaka tena bila shida. Kuna na SQM, kipengele cha kupanga foleni ya data: mtoto akipakua filamu, simu ya video ya mama haikwamikwami. OPNsense nayo inaweza kugawa kasi hivyo, lakini kwa umeme ule.

Kasoro za OpenWrt nazo si ndogo. Ruta nyingi za laini zinazotolewa na kampuni za simu zimefungwa zisibadilishwe mfumo. Nyingine zina jina moja na vipuri tofauti ndani, na ukipakia faili lisilo lake unaweza kuiua. Inatakiwa walau megabaiti 8 za hifadhi na 64 za RAM. Ukisasisha kwa kupakia faili mwenyewe, vifurushi (programu za ziada) ulivyoongeza mara nyingi unavisakinisha upya; akisafiri yeye, nani nyumbani atafanya?

Na kamera ya getini ikibaki na nywila ya kiwandani, hakuna hata moja kati ya hizi itakayomtosha.

Mimi naegemea OpenWrt. Nimemwambia anipigie picha kibandiko cha nyuma ya ruta, namba ya toleo ionekane vizuri. Ikiwa haimo kwenye orodha ya zinazokubalika, anunue iliyomo, na kompyuta awape watoto wasomee.