Miti ya popla haina vinundu, sasa naitrojeni inatoa wapi?

Shule tulifundishwa hivi: hewa karibu asilimia 78 ni naitrojeni, mmea hauwezi kuitumia mpaka bakteria waibadilishe, na hao bakteria wanakaa kwenye vinundu vya mizizi ya jamii ya kunde. Ng'oa mche wa maharage, pasua kinundu kwa kucha, ukikuta ndani wekundu wekundu ujue kazi inaendelea. Mvinje nao una vinundu vyake, wenyeji humo ni bakteria waitwao Frankia, ndo maana unakubali kwenye mchanga wa pwani na hata kwenye machimbo ya matumbawe pale Bamburi, Mombasa.

Popla na wilo, miti ya nchi za baridi, hazina kinundu hata kimoja, kwa hiyo wengi wanaona hapo hakuna cha kujadili. Sharon Doty, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, anasema kipo. Popla zinajiotea kandokando ya mto Snoqualmie, kwenye kokoto na mchanga, udongo wa maana hakuna, na bado zinarefuka vizuri tu. Timu yake ikatoa bakteria ndani ya shina lenyewe, halafu mwaka 2016 wakachapisha jaribio ambalo vipande vya matawi viliwekwa kwenye hewa yenye naitrojeni-15, ile nzito kidogo inayofuatilika, ili waone kama itaingia kwenye mmea. Ikaingia.

Wanaopinga siyo wajinga. Kimeng'enya kinachofanya kazi hii, naitrojenesi, kinaharibika kikikutana na oksijeni, na kinundu kazi yake kubwa ni kuibana oksijeni, sasa ndani ya tawi nani anaibana? Pia mwaka 2014 ilionekana baadhi ya gesi ya naitrojeni-15 inayouzwa ina uchafu wa amonia na naitreti, vitu ambavyo mmea unanyonya bila msaada wa bakteria yeyote. Na bakteria hao hao wanatengeneza homoni za ukuaji, kwa hiyo mti kunawiri peke yake hakuthibitishi kitu.

Ila kuna jambo naona linasomwa vibaya, nalo ni matokeo kupishana. Vipande vingine vilionyesha naitrojeni nyingi, vingine kiduchu, na wenye mashaka wanasema jaribio linaloyumba hivyo halina msingi. Mi naona ingetia shaka zaidi kama vyote vingelingana! Kama ni gesi chafu tu, ningetegemea vipande vilivyovuta gesi hiyo hiyo viongezeke pamoja na kukaribiana, siyo kimoja kiruke na jirani yake alale. Kwenye kunde mmea wenyewe unajenga nyumba na kuwalisha wapangaji, lakini kwenye popla nani yuko ndani inategemea tawi limekutana na nani, kwa hiyo kupishana ndo kitu cha kutegemea. Wastani hapo unaficha habari, maana mshindi mmoja anazamishwa na walegevu kumi. Shida yake, na hii nakubali kabisa, ni kwamba ukiulizwa hekta moja inapata kilo ngapi kwa mwaka huna jibu la kusimamia, na hilo ndo swali la mwenye shamba.

Halafu siyo popla tu. Brazili, mwaka 1988, maabara ya Johanna Döbereiner ilieleza bakteria anayeishi ndani ya muwa na anayevumilia oksijeni kuliko wengi, kwa hiyo lile pingamizi la kwanza siyo ukuta. Colorado, Marekani, nako wamepata dalili hizo kwenye majani kama sindano ya misonobari ya milimani.

Bakteria wa popla na wilo wamejaribiwa hadi kwenye mpunga, ndani ya greenhausi, na mimea ikakua vizuri zaidi. Greenhausi lakini. Mkulima aliyeona bei ya urea ilivyopaa 2022 angemsikiliza yeyote anayekuja na kichupa cha bakteria, na hapo niko upande wa wenye mashaka: kwanza ipimwe shambani, msimu mzima, kwenye udongo wenye bakteria wake.