Kanali ambaye hakuwa kanali

Edwin Dawes alikuwa profesa wa baiokemia katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, aliyechunguza jinsi bakteria wanavyojiwekea akiba kwa siku za njaa. Huyohuyo alikuwa mwanahistoria wa mazingaombwe ya jukwaani, na mwaka 1979 alitoa kitabu kuhusu magwiji wa fani hiyo. Wapo watakaosema hiyo ya pili ilikuwa burudani tu ya msomi. Kwangu mimi, ndiyo iliyokuwa ngumu zaidi.

Bakteria hana sababu ya kukudanganya. Mwanamazingaombwe anakula kwa kudanganya, na haachi akishuka jukwaani. Jina, cheo, nchi alikotoka, wafalme aliowatumbuiza: vyote huenda vilitungwa kwa ajili ya bango. Haya, andika historia yake kwa kutegemea mabango hayohayo!

Mtazame Colonel Stodare, ambaye Dawes alimwandikia kitabu kizima. Oktoba 1865, katika ukumbi wa Egyptian Hall jijini London, aliweka kisanduku juu ya meza ya miguu mitatu. Alipokifungua, ndani kulikuwa na kichwa cha Mmisri wa kale. Kichwa kikafumbua macho, kikasema. Chini ya meza watu waliona uwazi mtupu. Kumbe katikati ya miguu palisimamishwa vioo vilivyoakisi mapazia ya pembeni, yaliyofanana na ya nyuma, na mtu amejibanza nyuma ya vioo, kichwa chake kimepenya tundu la meza. Aliyebuni ujanja huo ni Thomas Tobin wa Royal Polytechnic, taasisi iliyoonyesha sayansi kwa umma. Najua siri yake na bado unanifurahisha.

Ila vioo ni fumbo jepesi. Anayejua jinsi mwanga unavyoakisiwa atalitegua. Fumbo gumu ni mtu mwenyewe. Kanali huyo hakuwa kanali, na jina lake halisi lilikuwa Joseph Stoddart. Alifariki 1866, mwaka mmoja tu baada ya kile kichwa kumpatia umaarufu. Maisha kama hayo huwezi kuyarudia maabara. Unabaki na magazeti ya zamani, matangazo, na subira ya kulinganisha tarehe moja na nyingine.

Ndiyo maana siungi mkono wazo kwamba historia ya fani hii waachiwe wasanii peke yao. Wamefundwa kutunza siri, si kuhakiki ushahidi. Dawes alikuwa na vyote viwili: alikuwa mwanachama wa Magic Circle, chama mashuhuri cha wanamazingaombwe kilichopo London, na wenyewe wakamkabidhi kazi ya kuwa mwanahistoria wao.