Iafoni za bei ndogo: ununue ya kila kitu au ya mziki wako?

Mtu akiuliza achukue iafoni gani za waya kwa elfu hamsini na kitu, mabishano ni yaleyale. Wa kwanza atamwambia chukua yenye sauti iliyosawazishwa, isiyopendelea besi (sauti nzito za chini) wala trebo (sauti kali za juu), mziki wowote utapita. Wa pili atamuuliza kwanza we unasikiliza nini. Mimi niko na huyu wa pili ila sio kwa asilimia mia.

Hawa wa iafoni ya kila kitu hoja yao ina nguvu kwakweli. Zamani kwa bei hiyo ilikuwa kubahatisha, ila 2022 zikatoka Moondrop Chu na 7Hz Salnotes Zero, zote kama dola 20, na sauti yake inakaribiana na ule mchoro wa Harman, unaoonyesha besi, katikati na trebo ziwe kiasi gani, ambao watafiti waliupata kwa kuwasikilizisha watu wengi na kuwauliza sauti ipi wanaipenda. Yaani haijatungwa kichwani na muuzaji. Alafu wanasema besi ikipungua si unaongeza kwa ikwalaiza ya simu, ile sehemu ya kupandisha na kushusha besi na trebo, bure kabisa. Ni kweli, ila ikwalaiza ina mipaka yake, ukiipandisha besi sana bila kushusha kwanza sauti ya jumla, mziki unaanza kukwaruza.

Sasa chukua singeli. Midundo 200 kwa dakika, nyingine inasogelea 300. Watu wanadhani mziki wa fujo kama huu unataka besi nyingi, mi naona unataka besi fupi, inayopiga na kuondoka, maana besi inayokokota kwa kasi hiyo unakuta mdundo mmoja haujaisha mwingine umeshaingia na masikioni inabaki ngurumo tu. Amapiano ni kinyume chake, inatembea kwenye midundo 110 na kitu, kuna nafasi kabisa ya ile logi dramu, besi yake inayogonga kama ngoma, kushuka chini na kukaa, hapo besi nene ni raha. Kwahiyo hata neno "napenda besi" peke yake halimsaidii anayekushauri.

Taarab ndo inayoumia zaidi. Udi, fidla, kanuni na mwimbaji mwenyewe, sehemu kubwa ya sauti zao iko katikati, na iafoni nyingi za bei ndogo, hizi za kampuni ya KZ kama ZSN Pro X, zimepandisha besi na trebo pande zote mbili halafu katikati pamezama. Ukisikiliza taarab ya zamani humo mwimbaji anakuwa kama yuko chumba cha pili, na kwenye taarab maneno ndo kila kitu! Rhumba ya Kongo vilevile, lile gitaa la mi-solo linalokaa kati ya solo na ridhimu linapotea kabisa, unabaki na besi na vyuma vya dramu. Kwahiyo kwa mtu wa taarab na rhumba hiyo inayoitwa iafoni ya kila kitu ndo iafoni ya mziki wake hasa, huyo namwambia achukue Zero au Chu bila kuzunguka.

Lakini kuna kitu pande zote mbili wanakisahau, unasikilizia wapi. Kelele za injini ya daladala ziko chini huko huko besi inapokaa, zinaifunika, ndo maana iafoni iliyokuwa tamu kitandani usiku ukipanda nayo gari asubuhi inakuwa nyembamba kama redio ya betri zilizochoka. Watu wengi hapo wanapandisha volyumu, na hili linanisumbua sana kwasababu WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema sauti ya desibeli 80 ni salama kwa masaa 40 kwa wiki, ikifika 90 yanabaki masaa 4 tu. Kwa anayesikiliza barabarani tu, KZ yenye besi ya ziada ina haki yake, bora besi iwepo kuliko kupandisha kila kitu.

Na vipira jamani, vile vya kwenye ncha vinavyoingia sikioni! Kipira kisipoziba sikio vizuri besi inatoka yote. Mimi nilikaribia kugawa iafoni nzuri nikijua haina besi, kumbe sikio langu la kushoto linataka saizi kubwa kuliko la kulia. Jaribu saizi zote kabla hujalaumu.

Wa singeli ndo mgumu kumshauri kwa maneno. Kama duka linaruhusu kujaribu, weka wimbo unaoujua kichwani, sogea hadi pale panapochanganya, sikiliza sekunde 30 kwa sauti ya kawaida. Kama unaweza kuifuata midundo mmoja mmoja kwa kidole, lipa.