Baada ya "nzuri" huja "ila"

Habari za nyumbani? Nzuri. Watoto? Hawajambo. Ila mdogo ana homa tangu juzi, na baba yao hajatuma kitu. Hivyo ndivyo tunavyosalimiana Dar es Salaam: kwanza uzima, ndipo tabu. Madodoso mengi ya utafiti wa saikolojia huishia kwenye "nzuri", mtafiti akakusanya karatasi zake na kuaga.

Niliwahi kukusanya data Mbagala kwa PHQ-9, lile dodoso la kupima sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, lenye maswali 9. Mhojiwa anaeleza mwenyewe wiki 2 zilizopita zilikuwaje, kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla haizidi 27. Mama mmoja alinijibu "hapana kabisa" karibu kila swali. Mama mkwe wake alikuwa hapo hapo mkekani, anachambua mchele. Yule mama aliponisindikiza hadi barabarani ndipo akasema: "Mdogo wangu, mimi mawazo yananimaliza. Usiku silali, moyo unanienda mbio." Kwenye karatasi alikuwa na alama 2. Sikuruhusiwa kuibadili, na hadi leo inaniuma.

Wapo wanaosema maelezo ya mtu kuhusu nafsi yake hayaaminiki, afadhali tupime homoni na usingizi kwa mashine. Sikubaliani nao hata kidogo. Mashine itahesabu mapigo ya moyo wa yule mama, lakini haitajua kama anawaza kodi ya nyumba au mume. Anayejua ni yeye. Tulichokosea ni namna ya kumuuliza.

Hamu ya kuonekana mwema si yetu peke yetu. Huko Marekani, wanasaikolojia Crowne na Marlowe walitunga maswali 33 ya kuipima mwaka 1960. Ila kwenye nyumba zetu za kupanga, vyumba sita uani kumoja, inazidi. Nani ataeleza kwamba amekata tamaa ya kuishi huku mpangaji mwenzake anafua hatua tatu kutoka hapo? Ni bora kuahirisha mahojiano kuliko kuandika sifuri ya namna hiyo.

Halafu kuna maneno. "Sonona" ni neno la wataalamu. Mtaani watu wana mawazo, wamechoka mwili, kichwa kinawagonga. Mtafiti Sylvia Kaaya na wenzake waliliona hili mapema: mwaka 2008 walichapisha matokeo ya dodoso la hapa hapa, maswali 19, la kutambua sonona. Kazi kama hiyo huchukua muda na fedha, na ndiyo ya kwanza kukatwa bajeti inapobana. Tafsiri ya haraka kutoka Kiingereza hupita, kwa kuwa inasomeka.

Siku hizi, nikimaliza swali la mwisho, nafunga daftari, naomba maji ya kunywa, nauliza, "Na kuna lingine, dada?" Kisha nanyamaza. Mara nyingi tunakaa hapo nusu saa nyingine.