Kumwiga Gwiji wa Kamera: Nini cha Kuchukua, Nini cha Kuacha

Karibu na mwaka 1930, mpigapicha wa Kihungari Martin Munkácsi alipiga picha ya wavulana watatu wakikimbilia majini. Wametupa mgongo, miili yao imekuwa myeusi tii mbele ya povu jeupe la mawimbi. Picha hiyo imezoeleka kuhusishwa na Ziwa Tanganyika. Mfaransa mmoja kijana aliyesomea uchoraji, Henri Cartier-Bresson, aliiona, na baadaye akasimulia kuwa ndiyo iliyomsukuma kuchukua kamera na kuingia mtaani. Mwaka 1932 akanunua Leica, kamera ndogo ya mkononi, na kabla ya miaka mingi kupita, yeye ndiye akawa anaigwa.

Kisa hiki hupendwa na wanaowashauri wapigapicha wachanga: tafuta mtu unayemkubali, zitazame kazi zake mpaka zikukae, kisha fuata nyayo. Ila Cartier-Bresson hakufuata nyayo za mtu. Hakwenda ufukweni kusaka wavulana watatu wengine. Munkácsi alikuwa mtu wa michezo na mitindo, akifanya kazi za magazeti. Huyu mwingine alizurura na kikamera kidogo akivizia watu wasiomjua. Alichochukua ni kimoja tu, yaani kujua kwamba kamera inaweza kudaka mwendo pale ambapo kila mkono na kila mguu umekaa panapofaa. Mengine yote aliyaacha.

Wasiokubaliana na ushauri huo wana hoja mbili, na uzito wake haulingani. Ya kwanza ni kwamba ukianza kwa kutazama kazi za wengine, jicho lako litapinda mapema na hutapata sauti yako. Hii hainishawishi. Hakuna jicho ambalo halijaguswa na picha za watu. Anayejitenga na magwiji ili abaki “yeye mwenyewe” ameshameza maelfu ya matangazo, mabango na picha za simu, na ndizo atakazoziiga bila kujua. Bora umwige Walker Evans, mpigapicha wa Kimarekani, ukijua unamwiga, kuliko kuiga tangazo la sabuni ukidhani umebuni.

Hoja ya pili ndiyo nzito: picha iliyokamilika huficha jinsi ilivyopatikana. Mpigapicha Robert Frank, mzaliwa wa Uswisi, alizunguka Marekani mwaka 1955 na 1956 akapiga zaidi ya fremu 27,000. Kitabu kilichotokana na safari hizo kina picha 83. Anayeanza hutazama picha hizo 83, kisha hulinganisha na picha zake zote za Jumamosi, nzuri na mbovu pamoja. Hapo lazima akate tamaa, maana hajalinganisha kazi na kazi; amelinganisha jalala lake na sebule ya mwenzake.

Au chukua picha ya mpigapicha Fan Ho ya mwaka 1954 kutoka Hong Kong: mwanamke amesimama chini ya ukuta mweupe mrefu, na kivuli kikali cha mshazari kinamkaribia. Ni miongoni mwa picha zinazoigwa sana duniani. Wapo wanaotafuta ukuta wa namna hiyo na kusubiri jua lifike pale. Basi kivuli kile hakikuwapo ukutani. Fan Ho alikitengeneza katika chumba cha giza, wakati wa kusafisha picha, na mwanamke mwenyewe alikuwa binamu yake aliyeombwa asimame pale. Hilo haliipunguzii picha thamani hata kidogo. Lakini anayelisubiri jua hilo anasubiri kitu ambacho hakikutoka mbinguni.

Kwa hiyo, je, wanaopinga wameshinda? Nadhani wamegundua ugonjwa, wakakosea dawa. Kama tatizo ni kwamba picha iliyokamilika huficha kazi, tiba si kuacha kutazama. Ni kutazama na yale yaliyoachwa.

Mfano mzuri ni picha ya Dorothea Lange ya mama na watoto wake katika kambi ya vibarua wa mashamba huko Nipomo, California, Machi 1936. Wengi wanaijua moja tu, ile ya uso wenye mikunjo, mkono shavuni, na watoto wawili waliogeuza vichwa. Lakini alipiga kadhaa, na zimehifadhiwa. Kuna zinazoonyesha hema zima, vyombo na ardhi tupu, na mtu unamwona kwa mbali. Kuna zinazomwonyesha mama akinyonyesha. Ukiziweka pamoja unaona mpigapicha akisogea, akipunguza vitu, mpaka hema linabaki kitambaa tu nyuma ya bega. Hata katika ile maarufu kulikuwa na kidole gumba kilichoshika mti wa hema kwenye kona ya chini, na baadaye Lange akaagiza kifutwe. Somo la namna hiyo hulipati kwa kuitazama ile moja ukutani, hata uitazame mwaka mzima.

Picha moja nayo inaweza kukuambia mengi ukiihoji. Kivuli cha pua kimeangukia wapi? Hapo utajua mwanga ulitoka upande gani. Ndani ya mboni mna mng'ao wa mraba au wa nukta? Dirisha huacha mraba, taa ndogo huacha nukta. Macho ya mpigwapicha yako juu ya lenzi au chini yake? Ukijibu hayo, nenda ukairudie picha hiyo kwa ajili ya zoezi. Utashindwa, na mahali utakaposhindwa ndipo penye funzo.

Hapa ndipo ninapotofautiana na biashara ya filta za rangi zinazouzwa kwa majina ya wapigapicha maarufu. Rangi ndiyo sehemu nyepesi kuiga na isiyofundisha chochote. Seydou Keïta, aliyefungua studio Bamako mwaka 1948, alitumia mwanga wa mchana na vitambaa vya maua nyuma ya wateja wake, na kwa kawaida alimpiga mteja picha moja tu kwa sababu filamu ilikuwa ghali. Ukimkubali Keïta, usihangaike na maua ya kitambaa. Jiwekee kikomo chake: panga mkono, kidevu na mkunjo wa nguo kwanza, ndipo ubonyeze.

Kuna pia upande wa sheria, ambao sitauchimba sana. Kwa ujumla hakimiliki hailindi wazo, hulinda jinsi wazo lilivyoonyeshwa. Ila mpaka huo haueleweki kirahisi. Mwaka 2012 mahakama ya Uingereza iliamua kwamba kampuni ya chai ilikiuka haki za mwenye picha ya basi jekundu likivuka daraja la Westminster, vingine vyote vikiwa vya kijivu, ingawa kampuni hiyo haikunakili picha ile moja kwa moja, bali iliunda yake kutokana na picha nyingine. Zoezi libaki zoezi. Ukiliweka hadharani, mtaje uliyemwiga. Ukiliuza, hilo ni jambo jingine kabisa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kuliko kuiga ni kumwabudu mmoja. Frank alimkubali sana Evans, na Evans ndiye aliyemsaidia kupata ufadhili wa Guggenheim, mfuko wa Kimarekani unaosaidia wasanii na wasomi, kwa safari zile. Lakini picha za Evans zimetulia, zimenyooka na ziko wazi. Za Frank zilipochapishwa, jarida la Popular Photography lilizisema kwa ukungu, chenga (vile vidoa vya filamu) na upeo ulioinama. Anayewapenda wote wawili hawezi kuwatii wote katika fremu moja. Itambidi aamue kama leo anainyoosha kamera au anaiacha iiname.