Punguza mikorosho kabla hujadai salfa

Mwaka jana nilikata mikorosho kumi na tisa. Mjomba, ambaye ndiye aliyeniachia shamba lile, alisimama juu ya kisiki cha kwanza akashika kiuno. "Mpwangu, unakata hela?"

Hesabu yangu ni nyepesi. Ukipanda kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ekari moja inaingia mikorosho 28. Yetu ilikuwa na 47. Wazee walizidisha mbegu wakihofia nyingine zisiote, zikaota zote, na hakuna aliyerudi kupunguza. Matawi yakafumana, saa sita mchana chini yake unadhani magharibi imeingia. Na mkorosho hubeba kwenye ncha zinazopigwa na jua. Lile giza la ndani ni majani matupu, makazi mazuri ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaopaka machipukizi na maua unga mweupe hadi yakauke.

Dawa tunayoikimbilia wengi ni salfa, ule unga wa manjano. Alfajiri, umande haujakauka, mashine zinanguruma migongoni, macho yanawasha, watu wanakohoa mpaka mchana. Sisemi haifai; nami napuliza. Ila ile inayodondoka chini kila msimu inazidisha tindikali kwenye mchanga huu mwepesi wa Mtwara, mchanga uleule tunaoutegemea kwa mihogo na karanga. Vikao vya ushirika tunabishana saa nzima nani kapata mifuko mingapi ya salfa. Sijawahi kusikia mtu akiuliza nani kapogolea.

Baada ya kukata, mwanga wa jua ulipofika hadi ardhini, nilipanda kunde na mbaazi kati ya mistari. Kunde zimefunika ardhi, magugu yamepungua, na palizi niliyokuwa nailipia kwa ajili ya mikorosho peke yake sasa inanipa na mboga. Kuni za vile visiki mke wangu bado anazipikia. Korosho zenyewe msimu huu nimeokota karibu sawa na mwaka juzi, kwa miti 28 na salfa pungufu. Sitajisifu kwa msimu mmoja.

Kuna kitu kimoja nilikiharibu bila kujua. Maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota, huwafukuza wadudu waitwao mbu wa mikorosho, wanaofyonza machipukizi. Watafiti wameliona hilo, na wazee walilijua zamani. Wananing'ata hadi kwapani nikipanda kupogolea, lakini siwapulizii sumu. Sasa wao husafiri juu kwa juu, tawi hadi tawi, nami nilikuwa nimewakatia njia zote. Ikabidi nifunge kamba za katani kutoka mti hadi mti. Siku ya tatu walikuwa wameshapanga foleni juu yake, wengine wamebeba mabawa ya mdudu.

Mjomba akapita tena. Akazitazama kamba, akanitazama.

"Haya, na hapa unataka kuanika nguo za nani?"