Maji ya Tanga yanaanzia Amani

Asubuhi ya tarehe 22 Machi nilikinga ndoo kwenye bomba la uani, maji yakaja na rangi ya chai ya maziwa. Mama, kama kawaida yake masika yakianza, alitoa kipande cha shabu, akakizungusha ndani ya ndoo mara tatu nne, akafunika na sinia. Adhuhuri maji ya juu yalikuwa yametakata, na chini limelala tope jekundu lenye unene wa sarafu. Nililichota kwa vidole. Laini kama unga wa muhogo. Udongo ule naujua, nimeukanyaga tangu utotoni: ni udongo wa kwa mjomba wangu, Usambara Mashariki.

Zigi, mto wetu, inashuka kutoka huko, inaingia bwawa la Mabayani, ndiyo hiyo tunayokunywa sote mjini. Kila tone la mvua linalopiga mteremko uliolimwa hadi ukingoni linaondoka na udongo. Bwawa linajaa tope, dawa ya kusafishia inaongezwa, na gharama inatufuata kwenye bili.

Jioni nilikwenda kwenye kikao cha Siku ya Maji hapa mjini. Fulana mpya, ngoma, hotuba. Tukahimizwa kufunga mabomba na kutunza maji, maneno ya kweli kabisa. Lakini kwa zaidi ya saa mbili hakutajwa mkulima hata mmoja wa huko juu, wala hakuwepo aliyealikwa. Iliniuma.

Siku hii Umoja wa Mataifa uliipitisha baada ya mkutano wa Rio wa 1992, ikaadhimishwa mara ya kwanza 1993, na kila mwaka hupewa kaulimbiu. Ya 2025 ilikuwa barafu ya milimani. Ya 2024 ilikuwa maji kwa ajili ya amani, wakikusudia mataifa yanayogombea mito. Mimi wa Tanga nilipoisikia nilishtuka, maana kwetu Amani ni mahali, huko huko Usambara Mashariki. Ni ukungu wa asubuhi, ni mashamba ya chai, ni barabara ya kona kona kutoka Muheza, ni msitu uliotangazwa hifadhi 1997. Na ni watu, walioishi pale kabla ya hifadhi.

Mjomba wangu ana shamba lisilofika ekari mbili, refu na jembamba, limefuata kijito kinachomwaga maji Zigi. Zamani alipanda iliki chini ya miti mikubwa. Iliki ikachosha ardhi, akahamia migomba na mihogo. Siku moja walikuja watu na futi kamba, wakamsomea Sheria ya Mazingira ya 2004: hakuna shughuli ya kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Walipoondoka akanishika mkono, tukapanda hadi mwisho wa mpaka wake.

"Mjomba, nikizitoa hizo mita sitini nabaki na jiwe lile na kaburi la babu yako. Nile kipi hapo?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo nalitafuta.

Sheria ile ni nzuri. Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwa sababu bila hiyo Zigi ingekuwa mfereji wa tope. Wachimba dhahabu waliovamia mito ile miaka ya mwanzoni ya 2000 waliondolewa, na ilikuwa sawa. Mjomba wangu si mvamizi. Tukimtaka aache ukingo, apande mikarafuu na midalasini ishike udongo, achimbe makinga maji kwenye mteremko, basi tumlipe. Mkarafuu hauzai mwaka unaofuata. Miaka yote ya kuungoja, watoto wake wanakula nini? Kule milima ya Uluguru, kwenye chanzo cha mto Ruvu, wakulima wamewahi kulipwa kwa kupanda miti na kutengeneza matuta ili maji yanayoshuka yawe safi. Kwa hiyo jambo hili si ndoto. Kila yuniti ninayolipia, niongezewe shilingi chache ziende mlimani moja kwa moja, zenye daftari lake, na majina ya waliopokea yabandikwe ukutani kijijini. Nitalipa bila kunung'unika, na najua majirani wengi watalipa wakishaona hayo majina.

Mabomba yanayovuja barabarani nayo yazibwe, hilo halina mjadala.

Mwakani Wiki ya Maji ikifika, naomba basi moja tu litoke mjini lipande Amani. Viti viwekwe kando ya kijito, na wa kwanza kusema awe mwenye shamba.

Lile tope sikulimwaga. Nimelikausha nikalitia kwenye chupa ya jamu, lipo dirishani. Idi nitampelekea mjomba, tulikalie chini tulizungumze.